Kikao cha Kusikiliza Muziki Mji Mkongwe: Albamu Nne, Wanamuziki Wanne na Kanda Moja ya Harusini

Kwa miezi kadhaa sasa, mkahawa mmoja wa ghorofani katika mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, umekuwa ukiandaa kikao cha kusikiliza muziki kila Jumatano ya mwisho wa mwezi, baada ya sala ya isha. Utaratibu wake ni mwepesi. Wanamuziki wanne wa hapa hapa Unguja hualikwa. Kila mmoja huleta albamu anayoipenda kuliko nyingine zote, huchagua nyimbo mbili za kusikilizwa kwa ukimya, kisha husimulia onyesho moja asiloweza kulisahau, liwe alilopiga mwenyewe au alilokwenda kulitazama. Mwenyeji ameniomba nisiutaje mkahawa kwa jina, kwa kuwa chumba hakichukui zaidi ya watu 40 na tayari wapo wanaorudishwa mlangoni. Anayetaka kwenda na amuulize mpiga ala yeyote wa mjini, ataelekezwa. Nimehudhuria mara mbili, na tathmini hii inahusu zaidi ile mara ya pili, kwa sababu ndipo nilipoelewa kikao hiki kinauza nini hasa.

Kiingilio ni shilingi 10,000 kwa wenyeji na 25,000 kwa wageni, na ndani yake mna kahawa isiyo na kikomo, kipande cha haluwa na kashata mbili. Viatu huvuliwa ngazini. Watu hukaa juu ya mikeka na magodoro yaliyopangwa kuuzunguka ukuta, na mbele kuna meza yenye mashine ya santuri, mashine ya sidii, redio kaseti ya zamani inayofanya kazi vizuri, na spika mbili kubwa. Kijana wa kahawa hupita na dele lake bila kusema neno, akijaza kikombe kabla hujakiweka chini. Mwenyeji hutangaza mlangoni, kwa sauti ya kusikika, kwamba nusu ya kiingilio huenda kwa wanamuziki wanne wa usiku ule, na huwapa mbele ya watu wote kabla kikao hakijaanza. Katika mji ambao mpiga fidla aliyefunza wanafunzi chungu nzima anaweza kualikwa "kuja kuchangamsha" akaondoka na soda, jambo hilo pekee lingetosha kunifanya nirudi.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa mzee mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imelazwa, ambaye wengi mle chumbani walimwambia "Shikamoo Maalim" kabla hajakaa. Alileta sidii ya Ikhwani Safaa iliyotolewa mwaka 2005 na kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ikiwa ni toleo la kwanza katika mfululizo wa Zanzibara, kuadhimisha miaka 100 ya kikundi hicho kilichoasisiwa mwaka 1905. Wanaoujua mji wanafahamu kuwa Ikhwani Safaa, ambayo watu huiita pia Malindi, ndiyo kongwe kuliko vikundi vyote vya taarab vilivyo hai visiwani. Maalim hakuanza na historia hiyo. Alianza kwa kuomba spika ya kushoto isogezwe mbali na ukuta, kwa sababu, alisema, besi ilikuwa inazimeza fidla, na asiyezisikia fidla hawezi kujua kwa nini kanuni inajibu namna inavyojibu.

Nyimbo zilipoanza aliinua kidole. Kila fidla zilipofika mwisho wa msitari na kupumua, kanuni iliingia katika ule upenyo, ikaurudia mwisho wa sauti kwa upole au ikaupindua, na kidole cha Maalim kikashuka. Nimekuwa na sidii hii nyumbani kwa miaka mingi. Siku zote niliyasikia yale matone ya kanuni kama mapambo, mfano wa nakshi kwenye mlango. Usiku ule ndipo nilipotambua kuwa ni mazungumzo, na kwamba ukiyaondoa wimbo hautabaki mtupu tu bali utabaki bila wa kuujibu. Maalim alieleza kuwa kanuni anayoipiga ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na kwamba huanza kuirekebisha nusu saa kabla ya wenzake kufungua mifuko ya ala zao, kwa kuwa upepo wa pwani huzilegeza nyuzi hata pale mtu anapokuwa ameketi tu. Alijifunza kwa kusikiliza kanda za waliomtangulia, akirudisha nyuma kipande kimoja hadi utepe ukafifia. Alipokuwa akisema hayo vidole vyake vya shahada vilikuwa vikitembea juu ya paja, na waliokuwa karibu waliweza kufuata ni sauti gani iliyokuwa ikipigwa.

Kisha akatoa hukumu ambayo sikuitarajia kwa mtu aliyeleta albamu anayoipenda kuliko zote. Alisema sidii ile imerekodiwa kwa ustadi, sauti za ala zimetengana vyema, na angemshauri kila anayejifunza aanze nayo. Ila ina upungufu mmoja, nao ni kwamba haina watu. Akaingiza mkono katika mfuko wa koti, akatoa kanda.

Ilikuwa kanda ya kawaida ya dakika 90, lebo yake imefutika kwa jasho la mikono. Ilirekodiwa katika miaka ya 1980 kwenye harusi moja huko Makunduchi, kusini ya Unguja, ambako Maalim na wenzake walikwenda kupiga wakiwa wamebanana na ala zao nyuma ya lori. Karibu na saa sita za usiku jenereta ilizimika na haikuwaka tena. Kiongozi wao hakutaka wavunje shughuli. Akawaamuru washuke jukwaani, wakae chini, na wenye harusi wakavuta mikeka hadi magoti ya wasikilizaji yakakaribia kugusa ala. Karabai mbili zikawashwa. Mtu mmoja wa jamaa ya bibi harusi alikuwa na redio kaseti ya betri, na kwa kuwa sasa hapakuwa na mngurumo wa jenereta wa kuiharibia, akaibonyeza. Kwa hiyo kanda ile inaanza pale umeme ulipokwisha.

Tuliisikiliza kwa dakika 20 hivi, muda ambao umevuka kiwango cha nyimbo mbili, na mwenyeji, kwa busara, hakuingilia. Sauti ni nyembamba na ina mchakacho kama wa mafuta yanayochemka. Mtoto anakohoa. Mwanamke anaomba maji, anaambiwa asubiri. Vigelegele vinapanda mahali ambapo mwimbaji bado hajamaliza ubeti, kisha wanawake wenyewe wanashika kibwagizo, na mwimbaji anawaachia. Hapo Maalim akainua tena kile kidole. "Hapa umekatika," alisema, na kwa kweli ukisikiliza kwa makini kuna mlio mkavu, mdogo, halafu kanuni inanyamaza kwa muda wa pigo mbili, halafu inarudi ikiwa imehamia juu, ikiukwepa uzi uliokatika, na inabaki huko juu hadi mwisho wa wimbo. Hapana aliyeangalia simu yake. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe kilichopoa na sikukumbuka kukinywa.

Aliyefuata alikuwa bibi mwimbaji, ambaye mwenyeji alimpisha kwenye kiti pekee chenye mgongo. Alileta nyimbo za Siti binti Saad zilizohamishwa kutoka kwenye sahani za zamani za santuri. Si albamu kwa maana ya leo, na alilisema hilo mwenyewe, lakini alisisitiza kwamba mwimbaji wa kike wa Zanzibar anayetaja kitu kingine kabla ya hicho anaruka ngazi. Siti alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, na mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV, akawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Kiswahili kuwamo katika santuri. Hadi wakati huo taarab ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Bibi alizungumzia jambo moja tu la kiufundi, na kwangu lilikuwa na uzito mkubwa: upande mmoja wa sahani ile ulichukua kama dakika tatu, ilhali wimbo wa taarab mbele ya watu huweza kufika dakika 15 au zaidi. Ziko wapi, aliuliza, zile dakika nyingine?

Jibu lake lilikuwa ndiyo kumbukumbu yake. Miaka mingi iliyopita alikuwa akiimba katika ukumbi mmoja wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na alipofika ubeti wa tatu akainuka mwanamke mmoja kutoka nyuma, akatembea kwa madaha, taratibu, noti imekunjwa baina ya vidole viwili, akaja kumtunza. Kwa kawaida anayetunzwa huendelea na ubeti unaofuata. Lakini yule mwanamke hakurudi mahali pake. Alisimama, akageuza uso kuelekea upande wa kulia wa ukumbi, na kila aliyekuwemo akajua ubeti ule ulikuwa umepelekwa kwa nani. Bibi akaurudia. Ndipo kutoka upande wa kulia akainuka mwanamke wa pili, naye akaja, akautunza ubeti ule ule kwa noti kubwa zaidi, akageuza uso kuelekea kushoto. "Niliurudia mara saba, wanangu," Bibi alisema, "na wapigaji nyuma yangu wakanifuata mara saba, kwa sababu maneno sasa hayakuwa yangu tena, yalikuwa yao wawili." Sahani ya dakika tatu, aliongeza, haikumwachia mtu nafasi ya kutembea kutoka nyuma ya ukumbi hadi mbele.

Mpiga fidla wa usiku ule, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyesoma katika chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichoasisiwa mwaka 2001, alipokea mazungumzo pale pale yalipoachwa. Alileta albamu ya Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, iliyotoka mwaka 2020 kwa jina la Siti of Unguja. Alikubali kuwa baadhi ya watu wazima hawaipendi kwa sababu nyimbo za kale zimewekewa tabaka za sauti za kisasa, na akaitetea kwa hoja ninayoiunga mkono: kwamba katika albamu hiyo nyimbo zimeachiwa muda wa kutanuka, na hivyo kwa namna moja zimerudishiwa baadhi ya zile dakika zilizokatwa Bombay. Wimbo wa pili aliouchagua ulinishawishi kuliko wa kwanza, ambao kwa sikio langu una mwangwi kupita kiasi. Kuhusu onyesho, alikumbuka alivyokuwa msichana, ameketi kwenye ngazi za mawe za Ngome Kongwe wakati wa tamasha la Sauti za Busara, ambalo lilianza mwaka 2004, akimsikiliza Bi Kidude. Kipaza sauti kilikuwa mbali kidogo na kinywa chake, alisema, na sauti bado ilizifikia zile ngazi za juu. Bi Kidude alifariki mwezi Aprili 2013. Msimulizi alinyamaza kidogo alipofika hapo, na hakuna aliyemharakisha.

Mpiga gita, ambaye alikulia Dar es Salaam kabla ya kuhamia Unguja, alitutoa kwenye taarab akatupeleka kwenye dansi kwa albamu ya Remmy Ongala, Songs for the Poor Man, ya mwaka 1989. Nilihofu ingekuwa kama kuingia nyumba isiyo yetu, lakini alikuwa na sababu ya kuileta. Remmy, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2010 na ambaye kituo cha daladala cha Sinza kwa Remmy bado kinabeba jina lake, alirekodi albamu hiyo Uingereza kwa ajili ya kampuni ya Real World. Kijana aliyekulia Dar wakati huo, alieleza mpiga gita, alimjua Remmy kwa Redio Tanzania na kwa kumbi za dansi. Albamu yenyewe yeye aliishika mkononi kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, tena kwa kuletewa zawadi kutoka Ulaya. Gita alijifunza kwa kusimama nje ya ukuta wa baa, kwa kuwa hakuwa na kiingilio, akizishika sauti zilizovuka ukuta na kwenda kuzitafuta nyumbani kwenye gita lenye nyuzi nne. Ndiyo maana, alisema, hadi leo anaposikiliza albamu ile humjia harufu ya mishkaki. Muda wake ulikuwa mfupi kwa kuwa kanda ya Makunduchi ilikuwa imekula sehemu, naye hakulalamika.

Sasa niyaseme yale ambayo hayakunipendeza, kwa kuwa kikao chenye thamani namna hii kinastahili kuambiwa ukweli.

La kwanza ni karatasi za mashairi. Ni wazo zuri sana kumpa kila msikilizaji nakala ya maneno ya nyimbo, na wageni wasiojua lugha walizishika kwa bidii. Lakini katika wimbo mmoja mistari miwili ilikuwa imerukwa, na katika mwingine neno moja limeandikwa vibaya kiasi cha kuuharibu mzani. Bibi mwimbaji alilisahihisha kwa kalamu kwenye nakala yake, akampa jirani. Mtu mmoja anayejua ushairi angelimaliza jambo hilo kwa saa moja kabla ya kwenda kutoa nakala.

La pili ni tafsiri. Kila msimulizi alipomaliza, kijana mmoja alitafsiri kwa Kiingereza simulizi yote kwa sauti, na hivyo wenyeji, ambao ndio wengi, walingoja mara mbili. Hadithi ya wale wanawake wawili wenye noti ilipoteza joto lake njiani. Ingekuwa bora wageni wakae upande mmoja wa chumba na mtafsiri awanong'oneze. Pia jikoni, chini ya ngazi, kuna blenda ya juisi ambayo iliwashwa mara tatu wakati wa nyimbo. Naamini inaweza kusubiri.

La tatu ni zito zaidi. Mara ya kwanza nilipohudhuria, kijana mpiga kinanda alileta albamu ya taarab ya kisasa, ya aina ile iliyoletwa na vikundi kama East African Melody na baadaye Jahazi Modern Taarab, na alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusimulia jinsi watu walivyocheza harusini kwao alipokatizwa kwa maneno kwamba muda umekwisha, ingawa hakuwa ametumia hata nusu ya muda waliopewa wengine. Nafahamu kuwa wako wasioipenda taarab ya vinanda na mipasho. Mimi mwenyewe hunichosha baada ya wimbo wa tatu. Lakini ikiwa kigezo cha kikao ni albamu iliyomfundisha mtu kazi yake, basi kijana yule alikuwa na haki sawa na Maalim. Na baada ya kusikia habari ya wale wanawake wa Ng'ambo na ule ubeti uliorudiwa mara saba, sioni kwa urahisi mahali ambapo mafumbo ya zamani yanaishia na mipasho inapoanzia. Ningependa sana kijana huyo aalikwe tena, akae karibu na Bibi, wasikilizane.

Sauti yenyewe, baada ya spika kusogezwa, ilikuwa safi na ya kiasi. Unaweza kumsikia jirani akivuta pumzi. Ukipata nafasi, kaa upande wa dirisha la Kusini, kwa kuwa hapo fidla husikika kamili, na epuka kona ya mlangoni ambako besi hujikusanya. Nenda na njaa ndogo tu, maana hapana chakula zaidi ya haluwa na kashata, na haluwa ni nzuri kiasi cha kukufanya uombe ya pili. Kikao kilichoandikwa kuanza saa mbili na nusu kilianza saa tatu kasorobo na kikaisha saa sita kasoro dakika chache. Kwa shilingi 10,000 sijui mahali pengine mjini ambapo ningefunzwa kusikiliza sidii niliyokuwa nayo nyumbani.

Watu walipokuwa wakitafuta viatu vyao, nilimwona mwenyeji amepiga magoti kando ya Maalim. Mzee alikuwa ameitoa kanda kwenye redio na anairudisha nyuma kwa kalamu, akiuzungusha utepe kidogo kidogo, kwa kuwa haziamini mashine kwa kazi hiyo. Hiyo ndiyo nakala pekee. Hakuna mahali pengine ambapo usiku ule wa Makunduchi umehifadhiwa. Mwenyeji alimwomba amwachie ili inakiliwe kwenye kompyuta, akamwambia kuwa fundi ni wa kuaminika na kwamba haitatoka nje ya nyumba. Maalim aliendelea kuzungusha kalamu hadi utepe ukakaza. Aliiweka kanda katika kasha lake, akalifunga, akalishika kwa muda.

"Ibaki hadi Ijumaa," alisema.